Mahindi au migomba? Mimea ya msimu na mimea ya kudumu kwa mwenye shamba dogo

Kila mwaka mvua ya masika inapokaribia, mwenye nusu ekari Vihiga, Butere au Siaya, huku magharibi mwa Kenya, huketi na watu wake nyumbani kuulizana: safari hii tupande nini? Mara nyingi jibu huwa mahindi na maharagwe, kwa kuwa mwaka jana yalikuwa mahindi na maharagwe. Sina ugomvi na mahindi. Ugali ni ugali. Lakini shamba likiwa dogo, kila hatua ya ardhi ina thamani, na mkulima ana haki ya kujua mimea anayoichagua inaishije na inazaaje kabla hajatoa pesa ya mbegu. Iko inayomaliza maisha yake yote ndani ya msimu mmoja, na iko inayodumu miaka. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utakula lini, mbegu utaitoa wapi, ugonjwa utapitia wapi, na hata kama mwenye shamba atakuruhusu kupanda.

Mmoja hutoa vyote, mwingine hubakisha

Mahindi, maharagwe, mtama, wimbi, karanga, saga (mgagani) na mrenda ni mimea ya msimu. Mbegu inaota, mmea unakua kwa haraka, unachanua, unazaa mbegu, unakufa. Kifo hicho hakiletwi na jua la Januari, kimo ndani ya mmea wenyewe. Pita katikati ya mahindi wakati hindi linajaa, uinamie majani ya chini. Yanaanza kugeuka manjano moja baada ya jingine, kutoka chini kwenda juu, hata kama udongo bado una unyevu. Nitrojeni iliyokuwa kwenye majani inahamishiwa kwenye punje, na sukari iliyokuwa kwenye bua inafuata njia hiyo hiyo. Punje zikishakauka, bua halina kitu. Mmea haukujiwekea chochote.

Faida yake ni kwamba mmea unaotoa vyote hukulisha upesi. Saga huanza kuchumwa wiki 4 hadi 6 baada ya kupanda. Maharagwe mengi huwa tayari ndani ya miezi 3. Mahindi ya muda mfupi yanayopandwa upande wa ziwa huchukua miezi 3 hadi 4, ingawa Kitale na sehemu za juu za Nakuru, ambako kuna baridi na msimu ni mmoja mrefu, aina kama H614 hukaa shambani miezi 6 hadi 8.

Mgomba, nyasi ya nepia, mparachichi na mchai hugawa. Sehemu ya chakula inaenda kwenye tunda au jani jipya, na sehemu inabaki: kwenye tunguu la mgomba lililo chini ya udongo, kwenye mizizi ya nepia, kwenye shina la mparachichi. Ukikata nepia ukaacha visiki vifupi tu, baada ya wiki 6 hadi 8 unakata tena. Haikurudi kwa sababu ya mvua peke yake. Ilirudi kwa akiba iliyokuwa chini, na ukiikata mara kwa mara bila kuipumzisha wala kuirudishia samadi, akiba hiyo inakwisha na shina linadhoofika.

Kwa hiyo mmea wa kudumu huonekana mvivu mwanzoni. Mwaka wa kwanza unajenga mizizi na shina, na mkulima mwenye haraka humwona jirani yake akivuna magunia huku yeye akipalilia tu.

Ile isiyokaa sawasawa upande wowote

Kabla sijaenda mbali niseme kwamba mgawanyo huu haukukatwa kwa kisu. Mhogo kwa maumbile yake ni wa kudumu. Ukiuacha utaishi miaka, sisi ndio tunaoung'oa mapema kwa kuwa tunataka mizizi. Marando ya viazi vitamu yasipokaushwa na kiangazi huendelea kutambaa na kutia mizizi upya. Nyanya na pilipili zina asili ya kudumu pia, na pilipili ya nyuma ya jikoni inaweza kukuzalia miaka kadhaa ukiimwagia maji ya kuoshea vyombo. Mbaazi hukaa miaka michache kisha huchoka.

Sukuma wiki na kabeji ni za miaka miwili kwa asili: kwanza majani, kisha baridi, ndipo maua. Kisumu hakuna baridi ya kutosha, kwa hiyo sukuma inaendelea kutoa majani huku shina likirefuka, na ua usilione. Kwa mlaji ni neema. Kwa anayetaka kujitolea mbegu ni kizuizi, maana mbegu hazitakuja, na njia pekee ya kuiendeleza nyumbani ni kuchukua machipukizi ya pembeni mwa shina na kuyapanda. Pareto ya Molo nayo hudumu miaka kadhaa lakini huhitaji ubaridi ili ichanue, basi asije mtu akakuuzia miche yake Ahero kwenye joto.

Halafu kuna mkonge, ule tunaoupanda mipakani Siaya na Homa Bay. Unaishi miaka mingi bila ua, kisha siku moja unachomoza mlingoti mrefu, unachanua, unaangusha vichipukizi vidogo chini, na shina lile linakufa. Kudumu si lazima kuwe kuchanua kila mwaka.

Namna ya kuzaa, na mfuko wa mbegu

Sehemu hii ndiyo inayogusa mfuko zaidi, na ndiyo wengi wanaipita haraka.

Mmea wa mahindi una maua ya aina mbili. La kiume liko kileleni, linamwaga chavua ya njano ambayo upepo huibeba. La kike ni lile hindi changa ubavuni, na zile nywele zinazotokeza ni njia ya chavua: kila unywele unaelekea kwenye punje moja. Unywele usipopata chavua, punje hiyo haipo. Ndiyo maana ukame ukipiga wiki ile ya kuchanua, nywele hukawia kutoka, chavua inaisha hewani, na mwisho unamenya hindi lenye mapengo. Ukipanda kuchelewa wiki mbili au tatu, unaweza kuikutanisha wiki hiyo moja na jua kali, na hakuna mbolea itakayozijaza punje zisizotungwa.

Kwa kuwa upepo hauchagui, mahindi yako yanapokea chavua ya jirani. Mtu anayetaka kutunza mbegu ya kienyeji, tuseme ile ya njano au ya madoadoa ya bibi yake, anahitaji umbali wa angalau mita 200 kutoka mahindi mengine, au apande kwa tarehe tofauti ili maua yasikutane. Kwenye vijishamba vya Maragoli umbali huo haupatikani, inabaki tarehe. Na mahindi chotara ya dukani hayafai kurudishwa shambani hata kidogo. Punje zake zinaota, ndiyo, lakini watoto hawafanani na mama: mmoja mrefu, mmoja mfupi, na mavuno yanashuka. Kwa hiyo anayepanda chotara amekubali kununua kila msimu. Basi anunue penye stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwenye mfuko, aikwangue na kutuma ile nambari kabla hajatoka dukani, maana mbegu bandia ni hasara ya msimu mzima.

Maharagwe ni tofauti kabisa. Ua lake hujichavusha lenyewe, kwa kawaida kabla halijafunguka vizuri, kwa hiyo mbegu unayoibakiza inafanana na uliyopanda. Chagua mimea mizima ingali shambani, isiyo na majani yenye mabaka, vuna maganda yake peke yake, anika, hifadhi. Kuchagua baada ya kupura ni kuchelewa kwa sababu magonjwa kadhaa ya maharagwe husafiri ndani ya mbegu, na punje nzuri kwa macho inaweza kuwa na ugonjwa. Ukinunua upya, tafuta aina zilizochaguliwa Kakamega kwa ajili ya kuoza kwa mizizi, kama KK8. Ugonjwa huo umewatesa sana wakulima wa huku.

Mboga za kienyeji ni shule nzuri ya mambo haya yote. Saga, mrenda, kunde, mito: mmea wa msimu ukishatunga mbegu unaona kazi yake imekwisha. Kwa hiyo ukitaka majani, vunja vichwa vya maua ya saga mapema, nao mmea utatoa matawi na kuchelewa kufa. Ukitaka mbegu, tenga mistari miwili usiiguse kabisa. Huwezi kupata vyote viwili kwenye shina moja. Akina mama wengi sokoni Luanda ya Vihiga na Kibuye ya Kisumu wanalijua hilo bila kuambiwa na ofisa yeyote.

Sasa mgomba. Ndizi tunazokula hazina mbegu zinazoota. Tunda linajaa bila kuchavushwa, na ukilikata unaona vidoti vyeusi tu ambavyo havitaota kamwe. Mgomba huzaa kwa machipukizi kutoka tunguuni. Shina tunaloliona, ambalo kwa kweli ni majani yaliyokumbatiana, huzaa mkungu mmoja na kufa. Kinachodumu ni tunguu. Katika shimo moja bakiza vizazi vitatu tu: mama mwenye mkungu, binti anayefuata, na mjukuu. Mengine ng'oa. Ukihurumia yote, utapata msitu wa migomba yenye mikungu midogo.

Chipukizi la kupanda liwe lile lenye majani membamba yaliyochongoka, kwa sababu hilo bado limeshikamana na mama na lina tunguu nene. Lile lenye majani mapana mapema linapendeza macho lakini tunguu lake ni dhaifu. Menya tunguu mpaka lionekane jeupe, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hivi, litoe. Hapo unaua minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi bila kuua chipukizi. Ni kazi ya asubuhi moja, na sijaona kazi nyingine ndogo inayolipa namna hiyo.

Mparachichi huzaa kwa mbegu kweli, ila usipande mbegu kama unataka biashara. Mti wa mbegu hautafanana na mama yake, na unaweza kukungojesha miaka 5, 7 au zaidi. Mche wa Hass, aina ya parachichi ya biashara, uliobebeshwa (kitawi chake kimeunganishwa juu ya mche ulioota kwa mbegu) huanza kuzaa karibu mwaka wa 3. Ua lake pia lina tabia ya ajabu: kila ua hufunguka mara mbili. La Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike, linafunga, kisha alasiri ya siku ya pili linafunguka likiwa la kiume. La Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hufanya kinyume: alasiri la kike, asubuhi ya kesho yake la kiume. Kwa hiyo penye Hass nyingi, Fuerte mmoja au wawili wakiwemo karibu, na mizinga ya nyuki ikiwepo, maua mengi zaidi hutunga. Ukinyunyiza dawa ya wadudu wakati wa maua, umewafukuza wale wale wanaokufanyia kazi.

Ugonjwa hupitia mlango gani

Mmea wa msimu una bahati moja: ukifa, wadudu na magonjwa mengi hukosa makao mpaka msimu ujao, hasa ukibadilisha zao. Lakini bahati hiyo tunaipoteza wenyewe kwa kupanda mahindi juu ya mahindi, masika na vuli, mwaka hadi mwaka. Viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya mwaka 2017, vilionekana kwanza huku magharibi, na vilikuta meza imetandikwa.

Mmea wa kudumu hauna mapumziko hayo. Na kwa kuwa tunaupanda kwa kipande cha mwili wake, chipukizi, rando au pingili, tunapanda pia ugonjwa wake. Batobato ya mihogo iliyoangamiza mihogo ya magharibi katikati ya miaka ya 1990 ilienezwa na inzi weupe, lakini iliendelea kutoka boma hadi boma kwa vipande vya kupanda ambavyo watu walipeana kwa upendo. Nepia imepatwa na udumavu, ule ambao majani yanakuwa madogo ya njano na shina halirefuki tena. Mnyauko wa migomba uliingia Kenya ukitokea Uganda mwaka 2006: majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kahawia, shina ukilikata linatoa usaha wa manjano. Unabebwa na panga, na wadudu wanaotua kwenye lile ua la kiume, moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu. Chana cha mwisho kikishatokea, livunje ua hilo kwa fimbo yenye panda. Usitumie kisu, kwa sababu kisu kitahamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.

Adui mbaya kuliko wote wa mahindi yetu ni mmea wa msimu vilevile: striga, gugu la maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo. Shina moja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja. Hazioti ovyo. Zinangoja harufu ya mzizi wa hindi, mtama au wimbi, ndipo zinaota na kujishikiza kwenye mzizi huo kuunyonya. Mahindi yanadumaa kabla hujaliona gugu lenyewe juu ya udongo. Anayeling'oa baada ya maua kukauka amekwisha kulisaidia kupanda.

Dawa iliyofanya kazi vizuri huku inatoka upande wa mimea ya kudumu. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, walitengeneza mfumo wa vuta-sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde unaodumu miaka. Harufu yake inawafukuza nondo wa bungua, mdudu anayetoboa bua la mahindi, na mizizi yake inatoa kemikali zinazofanya mbegu za striga ziote kisha zife bila kupata mzizi wa kujishikiza. Pembezoni mwa shamba unazungusha nepia au nyasi ya brakiaria, inayowavuta nondo watage huko. Mahindi yanakufa kila msimu, desmodiamu na nyasi vinabaki kulinda shamba na kulisha ng'ombe. Ugumu wake ni msimu wa kwanza: desmodiamu huota polepole, inataka palizi ya mkono kwa uangalifu, na anayelima kwa plau ya ng'ombe bila kujali atailima nayo.

Ardhi ni ya nani, na njaa iko lini

Kama shamba umelikodi kwa msimu, mjadala umekwisha: panda vya msimu. Miti na migomba kwa kawaida yetu ni alama ya umiliki, na mwenye shamba akiona umechimba mashimo ya parachichi atakuwa na haki ya kuuliza una nia gani. Hata ndani ya familia, kama baba hajagawa, zungumza kwanza.

Kama shamba ni lako, hesabu miezi ya njaa. Kwa wengi huku ni Aprili hadi Juni, ghala tupu na mahindi mapya bado mabichi. Mhogo uliobaki ardhini na mikungu inayopokezana huziba miezi hiyo, kwa kuwa havingoji tarehe moja ya kuvuna. Upande wa pili, karo ya Januari haingoji parachichi la mwaka wa 3. Sioni mtu mwenye nusu ekari akiigeuza yote kuwa miti nikamshauri aendelee. Miaka miwili ya kununua kila gorogoro ya mahindi itamvunja moyo na ataikata.

Na kuna mteremko. Mmea wa msimu hulazimisha kulima kila mara, kwa hiyo mvua kubwa za kwanza hukuta udongo uko wazi. Mito ya Nyando na Nzoia inaingia ziwani ikiwa ya kahawia kwa sababu hiyo. Kwenye kilima cha Vihiga au Nandi ya chini, mistari ya nepia iliyofuata kontua, yaani iliyokata mteremko kwa usawa, hushika udongo mwaka mzima, ilhali mahindi peke yake hayawezi.

Kwa nusu ekari yenye hati na familia ya kulisha, ningepanda migomba karibu na jikoni inakofika samadi na maji machafu, kama mashina kumi hivi, nepia au brakiaria mpakani na kwenye mteremko, parachichi mbili tatu zilizobebeshwa upande ambao kivuli chake hakitaangukia mahindi, na katikati yote mahindi pamoja na desmodiamu, huku kipande kimoja kikizungushwa maharagwe na mboga za kienyeji. Kwa anayeanza na pesa kidogo, migomba itangulie parachichi, kwa kuwa chipukizi hupatikana kwa jirani na mkungu wa kwanza hufika baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, kutegemea joto la mahali.

Miche ya parachichi iagize kitaluni miezi kadhaa kabla ya mvua, usiinunue kwa wapita njia. Siku ya kuichukua, tafuta kovu la kubebeshea kwenye shina na ulishike: liwe limeungana sawasawa, halitikisiki, halina ufa. Angalia chini ya mfuko kama mzizi umejikunja. Ukiupanda mche, kovu libaki juu ya udongo, na chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu hilo livunje, kwa maana hilo ni la shina la mbegu, wala si Hass uliyoilipia.